Krismasi kwa wakwe Uganda: ulale kijijini, ukae Kampala, au usubiri Mwaka Mpya?

Kila ikiingia Novemba simu yangu haipoi. Anayepiga ni dada wa Kitanzania au wa Kikenya aliyeolewa Uganda, au kaka anayetaka kuoa huku, na mara nyingine ni mama mtu mwenyewe kutoka Dar, anayetaka kujua binti yake anapelekwa wapi sikukuu. Swali lao ni moja. Krismasi hii tukalale kijijini kwa wakwe, au tukae Kampala tuende kuwaona kutwa na kurudi, au tuiache ipite, twende Mwaka Mpya?

Mimi ni mzaliwa wa Moshi, nimeolewa Masaka, huko Buganda kwa Waganda, na sasa nakaa Kansanga, Kampala. Njia zote tatu nimezipita, ya kwanza nikiwa bado naishi Dar na nikija Uganda mgeni kabisa. Nitaeleza nilivyoona, na sitaficha upande ninaouegemea. Kama ni mara yako ya kwanza na una siku nne kamili, nenda kijijini. Kama una siku mbili tu, kaa Kampala. Na kama wewe ni mwanamume ambaye bado hajapelekwa rasmi kwa wazazi wa binti, mambo yako ni mengine. Nimeyaweka huko chini, yasome kabla hujakata tiketi.

Kijijini

Kuanzia tarehe 20 Desemba Kampala inaanza kumwagika. Paki za teksi na mabasi zinajaa watu wenye mafurushi, nauli za kwenda mikoani zinapanda, na zikifika tarehe 23 na 24 si ajabu kulipa mara mbili ya bei ya kawaida. Kwa watu wa Buganda Krismasi, au Ssekukkulu kama wanavyoiita, ni siku ya kwenda nyumbani, na nyumbani ni kule walikozikwa babu zao. Sisi wa Kilimanjaro hatuna haja ya kufundishwa hilo. Desemba barabara ya Dar hadi Moshi imejaa watu wetu wanaorudi kihambani. Ndiyo maana ukimwambia mama mkwe "tutakuja lakini hatutalala", unamuumiza hata kama hatasema.

Na ndiyo maana uamuzi wenyewe ni mgumu. Kwenda kwao ni kutokwenda kwenu. Mwaka ule wa kwanza nilimpigia mama yangu Novemba nikamwambia sitakuwepo, akanyamaza kidogo, akauliza kama huko nako wanapika mtori. Nikamwambia ndizi zipo nyingi kuliko kwetu. Akasema, "Haya, basi utakula." Najua hakulala usiku ule. Nakushauri umwambie mama yako mapema, kwa mdomo wako, asije akasikia kwa shangazi.

Nilifika tarehe 24 jioni kwa njia ya Bukoba na Mutukula. Uani kulikuwa na watu kama thelathini, watoto wakikimbizana kati ya migomba, moshi ukipanda kutoka jiko la nje. Baba mkwe akainuka kwenye kiti chake. Mimi, kwa adabu zote nilizofundwa, nikanyoosha mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko. Mzee akarudisha mikono yake nyuma, akatazama chini. Uwanja ukanyamaza. Shangazi wa mume wangu, ssenga kama wanavyomwita, akanishika bega taratibu akanishusha kwenye mkeka, nikapiga magoti, salamu zikaanza upya.

Huo ndio mwiko wanaouita obuko. Mwanamke hagusani na baba mkwe wake, mwanamume hagusani na mama mkwe wake. Hawapeani mikono, na katika nyumba zinazoshika mila hata kukaa karibu karibu hawakai. Ni heshima, tena kubwa. Lakini mimi sikujua, na usiku ule nililia nikidhani mzee amenikataa. Mume wangu amekulia ndani ya jambo hilo, hakujua kwamba kuna mtu asiyelijua. Kwa hiyo muulize mwenzako kabla hamjaondoka: nani simpi mkono, napiga magoti kwa nani, na ukoo wenu una mwiko gani wa chakula.

Hilo la ukoo usilipuuze. Kila ukoo wa Buganda una muziro, yaani mnyama, mdudu au mmea ambao watu wake hawali. Rafiki yangu wa Bukoba alimbebea mama mkwe ndoo ya senene waliokaangwa vizuri, zawadi ya thamani kwa Mhaya yeyote, na Masaka nako senene wa Novemba wanapendwa sana. Kumbe mume wake ni wa ukoo wa Nsenene. Ndoo ilipokelewa kwa shukrani, ikapelekwa kwa jirani. Hakuna aliyemgombeza, lakini mpaka leo akilikumbuka anainama.

Sasa niseme kwa nini pamoja na hayo yote nakutuma kijijini. Ni kwa sababu ya jikoni.

Asubuhi ya tarehe 25, kabla ya misa, wanawake wanakaa chini kumenya matoke. Nimemenya ndizi maisha yangu yote, lakini si kwa namna ile. Wao ngozi wanaitoa kwa kisu kifupi, kwa mikato mirefu, na ndizi inabaki laini bila kona. Utomvu unashika mikono ukawa mweusi. Wifi yangu mdogo akanipaka mafuta viganjani bila kuniuliza. Ndizi zinafungwa kwenye majani ya mgomba, zinapangwa juu ya vikonyo ndani ya sufuria ili zisiguse maji, zinafunikwa kwa majani mengine mpaka lionekane furushi moja kubwa la kijani. Zikiiva, furushi linatolewa likiwa la moto vile vile, na wanawake wanalikanda kwa viganja juu ya jani mpaka ndizi ziwe kitu kimoja, kisha linarudishwa kwenye moto mdogo likae masaa. Nilipewa nafasi ya kukanda. Joto lilipita kwenye jani likaniingia mikononi, lakini sikuachia. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema kitu, ila aliporudi ndani alinibadilishia jina: toka hapo sikuwa tena mgeni, nilikuwa muka mwana, mke wa mwanangu.

Pembeni kulikuwa na luwombo. Jani changa la mgomba linapitishwa juu ya moto mpaka linyauke, uti wake wa nyuma unakatwa, linatandazwa kwenye bakuli, kuku au nyama na mchuzi wa karanga vinawekwa ndani, linafungwa kwa kamba ya mgomba kama mfuko, linapikwa kwa mvuke. Kila mtu mzima anapewa lake. Ukifungua, mvuke unakupanda usoni na harufu ya jani lenye moshi, na hapo unajua kwa nini watu wanasafiri usiku kucha kuja kula. Ukimaliza sema "Webale okufumba", ahsante kwa kupika. Mpishi atakujibu "Webale okulya", ahsante kwa kula. Kati ya maneno yote ya Kiganda, hayo mawili ndiyo yaliyonifungulia nyumba ile.

Nyama yenyewe ina historia yake. Vijiji vingi watu huchangishana kidogo kidogo mwaka mzima, tarehe 24 ng'ombe anachinjwa, kila mwanachama anachukua fungu lake. Usije ukafika na kilo tano za nyama ya duka la mjini ukadhani umeokoa sikukuu. Leta sukari, mchele, sabuni za kufulia, mafuta ya kula, na mkate. Kutoka kwetu leta khanga au vikoi. Gomesi, lile gauni lenye mabega yaliyochongoka na mshipi kiunoni, huvaliwa juu ya kikoi, kwa hiyo kila mwanamke wa makamo ana haja nacho. Watu wanadhani gomesi ni vazi la kale kabisa, lakini lilishonwa kwanza mwaka 1905 na fundi Mgoa aitwaye Gomes, kwa ajili ya wasichana wa shule ya Gayaza. Mawifi wakikuazima moja uvae kanisani, kubali. Na umwache mmoja wao akufunge, peke yako hutaweza.

Misa ni ndefu. Masaka ni nchi ya Wakatoliki wa muda mrefu. Askofu wake Joseph Kiwanuka, aliyewekwa wakfu mwaka 1939, ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa askofu Mkatoliki katika zama hizi, na watu wanalisema hilo kama habari ya jana. Baada ya misa kuna mnada wa sadaka: kuku, mikungu ya ndizi, mayai. Mgeni anategemewa kunyanyua mkono. Weka akiba ya noti ndogo, za 1,000, 2,000 na 5,000, kwa sababu ya mnada na kwa sababu ya watoto. Wakala wa pesa za simu kijijini huishiwa fedha taslimu wiki ile, kwa hiyo toa pesa mapema, Kampala au Masaka mjini.

Ubaya upo, na ni wa kweli. Faragha hakuna. Tulilala chumba kimoja mimi na mawifi wanne, mume wangu akalala na kaka zake. Choo kiko nje. Maji ya kuoga yanapimwa. Mbu wapo, kama unatoka Moshi juu au Nairobi, ongea na daktari kuhusu malaria kabla ya safari na ubebe chandarua chako. Maombi ya pesa yatakuja, mengine ya haki, maana Uganda mwaka wa shule unaanza kati ya mwisho wa Januari na Februari na karo tayari zinawawazisha watu. Sisi tulipanga kiasi kabla hatujatoka nyumbani, na mume wangu ndiye aliyekuwa akijibu. Mke mgeni asishike mfuko wa familia mbele ya ukoo. Akitoa atalaumiwa, asipotoa atalaumiwa.

Na kuna lugha. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa katiba tangu 2005, na mwaka 2022 serikali iliamua kiwe somo la lazima shuleni. Lakini wazee wengi wa Buganda walikisikia kwa mara ya kwanza mdomoni mwa askari, kizuizini, usiku. Usishangae mzee akikunja uso ukimwamkia "Shikamoo". Siku mbili za kwanza nilitumia Kiganda kibovu na ishara, na watu walinipenda kwa kibovu hicho.

Halafu jioni ya tarehe 25 baba mkubwa wa mume wangu aliniita. Mwaka 1979 alikuwa kijana. Majeshi ya Tanzania yaliingia Masaka mwezi Februari, mji ukabomolewa vibaya kwa mizinga, na familia yao ilijificha migombani. Hadi leo wanawaita askari wale bakomboozi, neno letu wenyewe, wakombozi. Aliniambia askari mmoja alimkuta amelala kifudifudi chini ya mgomba, akamwambia maneno matatu. Mzee akayasema polepole, kwa Kiswahili safi: "Toka, ndugu. Usiogope." Miaka yote hiyo hakuwa na mtu wa kumwambia maneno hayo akayaelewa. Tulikaa pale mpaka giza, yeye akitafuta Kiswahili chake, mimi nikitafuta Kiganda changu. Kama ningekuwa nimekuja kutwa na kurudi, saa ile ningekuwa njiani.

Kampala

Hiyo ndiyo kasoro kubwa ya njia ya pili, kwamba inakukatisha jioni. Kutoka Kampala hadi Masaka ni kilomita 130 hivi, unapita mstari wa ikweta pale Kayabwe. Tarehe 25 alfajiri barabara ni nyeupe. Lakini utafika misa ikiendelea, chakula kitaiva saa nane au saa tisa, na wazee watakapoanza tu kukaa vizuri kwenye viti, wewe unatafuta funguo za gari.

Hata hivyo siidharau. Mwaka wangu wa pili nilikuwa na mimba ya miezi minane na daktari alinikataza kulala mbali na hospitali. Tulikaa Kansanga, tukaenda Masaka tukarudi siku hiyo hiyo. Wakati wa kuondoka mama mkwe alikuja hadi dirishani na luwombo yangu bado imefungwa, ameizungushia majani mengine matatu isipoe. Tuliifungua nyumbani saa nne usiku. Ilikuwa bado vuguvugu.

Chagua Kampala bila kujilaumu kama una mimba kubwa, mtoto mchanga, au mgonjwa. Kama likizo yako ni siku mbili tatu. Au kama wakwe wenyewe wanaishi mjini, maana wapo wengi. Chagua Kampala pia kama mwenzako ana ugomvi usiomalizika na ndugu zake. Krismasi si siku ya kumwingiza mtu mpya katikati ya kesi ya shamba.

Mji wenyewe ni mzuri wiki ile. Foleni za Jinja Road zinapotea. Unaweza kusali Rubaga kama ni Mkatoliki au Namirembe kama ni Mwanglikana, makanisa makuu mawili yanayotazamana juu ya vilima vyao, na mchana ukashuka Ggaba au Entebbe kula samaki ziwani, ingawa tarehe 26 huko kunafurika. Maduka mengi yanafungwa tarehe 25, nunua mahitaji mapema.

Kwa gharama, watu wanadhani kijijini ndiko ghali. Mimi naona ni karibu sawa, ila pesa inakwenda kwingine. Kampala unalipa malazi, migahawa na mafuta ya gari, na yote yanakwisha na wewe. Kijijini unalipa sukari, mnada, karo ya mtoto wa mtu, na mwakani unakutana na huyo mtoto. Kama bajeti yako ni finyu kweli, basi kijijini kwa siku nne ni nafuu kuliko hoteli kwa siku nne. Kama unachoogopa ni kuombwa, Kampala itakupunguzia, haitakuondolea, simu zipo.

Mwaka Mpya

Hapa sina mengi. Ukifika kijijini kuanzia tarehe 28, nauli za kwenda huko zimeshashuka, nyumba imepungua watu, unapata kitanda na mama mkwe anapata nafasi ya kuongea nawe. Salamu ni "Mukulike omwaka", na mkesha wa tarehe 31 makanisani unajaza watu kuliko Krismasi yenyewe sehemu nyingi. Faida kubwa ni kwamba tarehe 25 unaila kwenu, na mama yako analala. Hasara ni kwamba shemeji na mawifi wengi wameshaondoka, kwa hiyo kama lengo ni kuujua ukoo umechelewa. Kwa ziara ya tatu au ya nne ndiyo njia ninayoipenda. Sisi siku hizi tunapokezana, mwaka huu Masaka Krismasi, mwakani Moshi Krismasi na Masaka Mwaka Mpya, na tumewaambia wazazi wa pande zote mbili mpango huo ili asiwepo wa kuhesabu.

Kama wewe ni mwanamume unayekwenda kwa wazazi wa mwenzako

Kaka, yote niliyosema juu ya kulala kijijini hayakuhusu. Buganda mkwe wa kiume halali kwa mama mkwe. Na kabla ya kwenda kujitambulisha, kwanza ile ziara ndogo ya kukyala kupitia kwa ssenga wa binti, kisha kwanjula yenyewe nyumbani kwao mbele ya ukoo, wewe kwao bado hujulikani. Binti akikwambia "njoo tu tule Krismasi", anasema kwa mapenzi, lakini unamweka baba yake mahali pagumu. Akupokee kama nani?

Nimeona mmoja akija hivyo kutoka Nairobi, kijana mwenye adabu zake, na begi la siku tano. Walimlisha vizuri, kisha saa kumi na mbili jioni kaka wa binti akamchukua taratibu kwa boda hadi gesti ya mjini. Aliumia sana, akidhani wanamfukuza. Walikuwa wanamwokoa.

Kwa hiyo kwako chaguo ni Kampala, au gesti ya mji wa karibu, na ziara ya mchana kama tu ssenga amekubali. Kama kwanjula imeshapita, nenda mchana kwa raha. Utapikiwa luwombo ya kuku mzima, na firigisi ni yako. Vaa kanzu na koti juu. Sisi tuliokaa pwani tumezoea kuiona kanzu kama vazi la Waislamu, lakini Buganda ni vazi la heshima la kila mwanamume, padri mwenyewe atakuja amevaa. Mama mkwe msalimie kwa mbali, usimfuate jikoni, na usimwite kwa jina.

Si Uganda yote ni Buganda

Nimeandika ninachokijua kwa mwili wangu, yaani Masaka. Wakwe wakiwa Kabale au Kisoro, beba sweta nzito. Huko ni milimani, zaidi ya kilomita 400 kutoka Kampala, na safari ya kutwa na kurudi haiwezekani, kwa hiyo swali la Kampala au kijijini linajijibu. Ankole utakaribishwa kwa maziwa na eshabwe, mchuzi mweupe wa samli. Kukataa maziwa kunaumiza, kama tumbo halikubali mwenzako aseme mapema. Mbale utalishwa malewa, machipukizi ya mianzi, na ikiwa ni mwaka wa namba shufwa utakuta msimu wa tohara, imbalu, unaelekea ukingoni. Teso utakaa kwenye duara na kunywa ajon kwa mrija mrefu kutoka chungu kimoja. Na ukielekea kaskazini na West Nile, Kiswahili chako kitapokewa kwa wepesi kuliko Buganda.

Njia

Mtanzania anahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Mkenya na Mnyarwanda wanaingia kwa kitambulisho cha taifa, utaratibu ulioanza 2014. Wote mbebe kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Mpakani inaulizwa, na chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Ndege ya moja kwa moja ya Dar hadi Entebbe ni karibu saa mbili, ila tiketi za Desemba ukate Septemba au Oktoba. Basi la Dar hadi Kampala linazidi saa 24, na mwenye mtoto mdogo nisingempeleka huko. Kama unakwenda Masaka na unatoka Kanda ya Ziwa, usipite Kampala kabisa. Ingia kwa Mutukula, Masaka ni kilomita 90 hivi mbele, na unakwepa msongamano wote wa tarehe 24. Anayetoka Nairobi kwa Busia au Malaba aondoke tarehe 21 au 22.

Siku ya kuondoka usipange kutoka asubuhi. Utaambiwa subiri chai, kisha subiri ndizi zikatwe, kisha kuku akamatwe. Mkungu utapakiwa, maharage, karanga, pengine kuku mzima wa miguu iliyofungwa ambaye huwezi kumvusha mpaka. Mpokee kwa mikono miwili, kisha mwachie wifi anayebaki Masaka mjini. Ukifika unakokwenda, hata iwe saa saba usiku, piga simu useme "Tutuuse bulungi", tumefika salama. Mama mkwe wangu hulala akiwa ameshika simu mkononi, anasubiri maneno hayo.